Sumu ya dawa ya magugu: huduma ya dharura katika hospitali moja mjini Tabora

Ninaandika kuhusu kitengo cha dharura cha hospitali moja kubwa mjini Tabora, ambako mpwa wangu, mtoto wa umri wa shule ya msingi, alifikishwa kutoka kijiji cha wakulima wa mpunga wilayani Nzega baada ya kunywa dawa ya kuua magugu iliyohifadhiwa kwenye chupa ya maji. Huduma yao naisifu, ila si yote.

Daktari wa zamu hakuridhika kuambiwa tu kwamba mtoto amekunywa sumu. Alitaka dumu lenyewe, akasoma kwenye lebo kwamba ni propanili. Midomo ya mtoto ilikuwa ya bluu, na kipimo cha oksijeni cha kidoleni kiligoma kwenye asilimia 85 ingawa alikuwa amevalishwa barakoa ya oksijeni. Damu iliyovutwa kwenye sindano ilikuwa na rangi ya chokoleti, na tone lake lililodondoshewa kwenye chachi nyeupe halikugeuka jekundu hata lilipopigwa na hewa. Tulielezwa kwa Kiswahili chepesi kwamba kemikali hiyo, ikishavunjwa mwilini, huibadili hemoglobini, yaani protini ya damu inayobeba oksijeni, kuwa methemoglobini isiyoweza kuibeba, hivyo mgonjwa hukosa hewa ilhali mapafu yake ni mazima.

Dawa yake ni methilini bluu, ambayo asili yake ni rangi ya nguo iliyotengenezwa Ujerumani mwaka 1876. Hutolewa miligramu 1 hadi 2 kwa kila kilo ya uzito, ikisukumwa polepole mshipani kwa dakika 5 hivi. Hapa ndipo penye lawama yangu: dawa haikuwamo katika kabati la dharura bali stoo kuu, na mwenye ufunguo alikuwa ameshaondoka. Kusubiri ufunguo huku mtoto akihema kwa shida ni jambo lisilo na udhuru. Kipimo cha G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, nacho hakikuwapo, ingawa mwenye upungufu wa kimeng'enya hicho anaweza kupasukiwa chembe nyekundu kwa dawa hiyohiyo. Daktari alilazimika kutuhoji kama kuna ndugu aliyewahi kukojoa mkojo mweusi baada ya kumeza dawa.

Ilipopatikana, haikupita saa moja midomo ikarudia rangi yake. Mkojo uliofuata ulikuwa wa kijani, na wauguzi, wema wao, walikuwa wametuonya mapema tusitaharuki. Walikataa pia ombi letu la kuondoka kesho yake, kwa kuwa propanili huweza kuirudisha hali ileile saa kadhaa baadaye, na chembe za damu huweza kuendelea kuvunjika kwa siku zinazofuata. Kila asubuhi walipima wingi wa damu.

Karatasi ya kuruhusiwa iliandikwa "sumu" tu, bila jina la kemikali. Tulipomwomba muuguzi aliongeza kwa mkono, pamoja na onyo kwamba mtoto asipewe dapsoni (dawa ya ukoma) wala primakwini (dawa ya malaria) kabla ya kupimwa G6PD.