Isopropili ya asilimia 99 kwa kamera iliyoingia maji ya bahari: uzoefu wangu

Nianze na jambo linalowapotosha wengi: spiriti hii, alkoholi ya kusafishia vifaa vya umeme, haiyeyushi chumvi. Inafukuza maji, inayeyusha mafuta, inakauka upesi bila kuacha alama, lakini chumvi ya bahari inaiacha palepale ilipo. Usipolijua hilo utaosha kamera mpaka ing'ae, iwake, ufurahi, kisha wiki mbili baadaye izime isiamke tena.

Ninayoizungumzia ni isopropili ya asilimia 99, chupa ya lita 1, inayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya mafundi simu. Si ile spiriti ya duka la dawa, ambayo kwa kawaida ni asilimia 70 na iliyobaki ni maji. Lebo yeyote anaweza kuibandika, kwa hiyo kila chupa mpya naijaribu. Namimina mililita 50 kwenye chupa ndogo ya kioo, natia kijiko cha chai cha chumvi kavu ya mezani, nafunga na kutikisa. Ikiwa spiriti ni safi, chumvi inashuka chini ikiwa chengachenga kama mchanga mkavu. Ikiwa imetiwa maji, chumvi inagandana, na maji yakiwa mengi unaona mstari kabisa: maji ya chumvi chini, spiriti juu. Chupa niliyonayo sasa imefaulu.

Kwa nini nang'ang'ania chumvi? Lita 1 ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi. Maji yakikauka ndani ya kamera, chumvi inabaki juu ya bodi (ubao unaobeba saketi za umeme) na chini ya chipu. Kila mkaazi wa Mombasa anajua kikopo cha chumvi jikoni kinavyolowa chenyewe. Unyevu wa hewa ukifika kama asilimia 75, chumvi huvuta maji hewani mpaka ikawa majimaji, na hapa kwetu hewa hufika kiwango hicho usiku mwingi tu. Basi bodi yenye chumvi inalowa upya kila usiku. Betri ikiwemo, umeme unapita ndani ya maji hayo na shaba inaliwa upande wa chanya. Ndiyo ile kutu ya kijani yenye ubuluu unayoikuta imeumuka kama unga kandokando ya pini za betri. Volti 3.7 zinatosha kabisa kwa kazi hiyo.

Kwa hiyo kifaa kikiangukia baharini, iwe ufukwe wa Pirates, Nyali au Shelly, kwanza betri itoke, memori kadi itoke, lenzi ivuliwe. Usikiwashe kuona kama bado kizima, kwani huko kukiwasha ndiko kunakokiua. Simu isiyotoka betri izimwe na isiguse chaja. Pili, usikiache kikauke. Mwili wa kamera uliokwisha zama wote, na huwezi kuufungua saa hiyo, ni bora ukae ndani ya maji yasiyo na chumvi, betri ikiwa nje, uufikishe kwa fundi vivyo hivyo. Watu wanaogopa hatua hii, lakini chumvi iliyokauka chini ya chipu ni ngumu zaidi kuitoa kuliko iliyo bado majimaji.

Maji yenyewe yawe yaliyokenekwa, yaani yaliyogeuzwa mvuke kisha yakarudishwa kuwa maji, chumvi ikaachwa nyuma. Vituo vya petroli huyauza kama maji ya betri ya gari. Soma lebo mara mbili, maana rafu hiyohiyo huweza kuwa na asidi ya betri, na hiyo itaimaliza bodi pamoja na vidole vyako. Maji ya kisima usiyatumie kabisa. Visima vingi vya kisiwani vina chumvi, utakuwa unatoa chumvi na kurudisha chumvi.

Bodi ikishatoka naiweka kwenye sahani ya plastiki, maji yaifunike, dakika 10, nasugua taratibu kwa mswaki laini, namwaga, narudia mara 2 zaidi. Ngao za bati zilizofunika chipu nazifungua, la sivyo chumvi inajificha humo. Hapo sasa ndipo spiriti inapoonyesha thamani yake: mililita 200 kwa mwosho wa kwanza, 150 kwa wa pili, dakika 5 kila mmoja. Tazama kwa karibu, taa ikiwa ubavuni. Utaona vijimichirizi vinatambaa kutoka chini ya chipu, kama sukari inavyoyeyuka kwenye glasi ya maji moto. Hayo ni maji yanatoka. Michirizi ikiisha, mwosho umetosha. Mwosho wa pili wa bodi hii nautumia kuwa wa kwanza wa bodi ijayo, hivyo lita 1 hunitosha bodi 5.

Skrini, lenzi, spika na maikrofoni visitumbukizwe. Spiriti hupenya kati ya matabaka ya skrini na kuacha madoa yasiyotoka, na kwenye lenzi huyeyusha grisi ya kuzungushia fokasi ikasambaa juu ya vioo. Lenzi iliyoingia maji inataka kufunguliwa kipande kwa kipande, na hapo chupa hii haina msaada. Sensa, kile kipande kinachonasa picha, nayo isiguswe na mswaki.

Kamera yenye flashi usiifungue kwa pupa. Kapasita ya flashi, yaani kipande kinachohifadhi umeme wake, hubeba takriban volti 300, na hubaki nazo hata betri ikiwa imetoka. Iondolee chaji kwa rezista (kipingamizi cha umeme) ya kilo-omu 1 hadi 2, ya wati 5, kisha hakikisha kwa multimita, kile kipimio cha umeme. Kuigusisha bisibisi ni kutafuta kuungua. Spiriti yenyewe mvuke wake unashika moto hata kwenye joto la kawaida la chumbani, kwa hiyo madirisha wazi, na jiko la makaa au kifaa cha kulehemu kiwe mbali.

Kukausha: feni ya kawaida, saa 24 hadi 48. Juani hapana, draya ya saluni hapana. Kisha kopo la lita 5 lenye kifuniko kinachobana, gramu 500 za silika jeli (chembe zinazonyonya unyevu), siku 2. Nachagua ile ya rangi ya chungwa inayogeuka kijani ikishiba. Hurudi kazini baada ya saa 1 au 2 kwenye oveni ya nyuzi 120. Mchele uacheni upikwe pilau. Hauvuti maji ya maana, na vumbi lake linaingia kwenye soketi. Apple wenyewe waliandika mwaka 2024 kwamba simu isiwekwe kwenye mfuko wa mchele.

Kasoro za bidhaa ni mbili. Kutu ya kijani iliyokaa wiki nzima haiiondoi, itabaki kukwanguliwa. Na inavuta unyevu wa hewa: chupa ikikaa wazi hapa Pwani, asilimia 99 haidumu. Kifuniko cha hii yangu ni chembamba na kinalegea, na hilo limenikera. Hata hivyo ni afadhali mara kumi kuliko thina, kiyeyusho cha rangi, ambayo wapo mafundi wanaosafishia bodi na inayeyusha plastiki za konekta.

Kwa kifaa kilicholoweshwa na mvua ya masika naipa nyota 5. Kwa kilichotoka baharini naipa 4, kwa sharti kwamba maji yaliyokenekwa yatangulie. Peke yake, 2. Ukiinunua, hamishia mililita 100 kwenye chupa ndogo ya matumizi ya kila siku, ile kubwa ibaki imefungwa, na urudie jaribio la chumvi kila unapoijaza ile ndogo upya.