Chakula cha jioni majini Msasani: soma maji kabla ya kusoma menyu

Anayetafuta chakula cha jioni majini Dar es Salaam ataishia Ghuba ya Msasani. Mto Msimbazi haubebi boti ya wageni. Mlango wa bandari una kivuko cha Kigamboni, boti za Zanzibar na meli za mizigo, hapafai kuelea taratibu na sahani mkononi. Coco Beach jua huzamia nyuma yako, upande wa mji. Msasani ni tofauti: rasi ya Masaki inaikinga upande wa mashariki, kisiwa cha Bongoyo kiko mdomoni, na ukitazama magharibi maji yako wazi mpaka Mikocheni na Kawe, kwa hiyo jua unaliona likishuka ng'ambo ya maji.

Huduma zenyewe ni za namna mbili. Kuna jahazi la mbao lililotandikwa mikeka, magodoro na meza fupi, lenye wageni ishirini hivi na wanamuziki wawili watatu. Na kuna boti ya ghorofa yenye viti vya kawaida, bufee chini, bendi na MC juu. Kwa chakula kizuri na mazungumzo, jahazi linashinda kwa mbali. Kwa sherehe ya watu hamsini wanaotaka kucheza, boti ya ghorofa ndiyo inayofaa, mradi waandaaji wake wanajua wanachokifanya. Wengi wanajua kupika. Wanaojua kusoma maji ni wachache zaidi, na hapo ndipo jioni inapoharibikia.

Siku za bamvua, yaani mwezi mwandamo, mwezi mpevu na siku moja mbili zinazofuata, maji ya Dar hujaa kama saa kumi alasiri na kupwa kabisa kama saa nne usiku, na tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita tatu. Saa kumi na moja jioni unapanda boti kwa hatua moja kutoka kwenye ngazi ya gati. Unaporudi saa tatu usiku, ngazi ileile iko juu ya kichwa chako, vidato vyake vya chini vina mwani unaoteleza na chaza wenye makali. Au boti haifiki kabisa, mnashushwa kwa kidau watano watano gizani, bibi wa miaka sabini akiwa ameshikwa mikono na mabaharia wawili. Kwenye gati linaloelea shida hii haipo, kwa sababu linapanda na kushuka na maji. Ndiyo maana swali la kwanza la kumuuliza mwandaaji kwenye simu ni hili: tunashukia wapi, na saa hiyo maji yatakuwaje? Anayejibu bila kuhangaika anaijua kazi yake. Anayekwambia "usijali, boti yetu ni nzuri" hajalijibu swali. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, hofu hii ni ndogo, kwa kuwa maji hayapandi wala hayashuki sana.

Viatu viwe bapa, vya soli ya mpira. Kisigino chembamba huingia kati ya mbao za sitaha na kunasa.

Saa ya kuondoka nayo ina hesabu yake. Dar jua huzama kati ya saa 12:12 na saa 12:50 jioni mwaka mzima. Hutangulia kuzama Mei, na tena kuanzia katikati ya Oktoba hadi mwanzo wa Novemba. Huchelewa zaidi mwisho wa Januari na Februari. Baada ya hapo giza haliji polepole: dakika ishirini na kidogo, usiku umeingia. Boti iliyotangazwa kuondoka saa 12:30 inakupa machweo Februari, lakini Mei inakupa giza kwa bei ileile. Kuondoka saa 11:15 kunafaa miezi yote. Ongeza dakika arobaini za kufika, kupewa jaketi okozi na kupanda, kisha foleni ya Ijumaa. Daraja la Tanzanite limepunguza msongamano wa kutoka Posta kuja Masaki, ila anayetoka Kimara au Mbagala aondoke mapema, maana jua halimsubiri mgeni.

Upepo wa kusi huvuma kuanzia Aprili mpaka Oktoba na hukaza Juni hadi Agosti. Hiyo ndiyo miezi bora Msasani, ingawa wengi wanadhani kinyume. Kusi hutoka kusini mashariki na rasi huuzuia, kwa hiyo nje ya Bongoyo bahari inaweza kuwa na mawimbi yenye povu jeupe huku ndani ya ghuba maji yametulia. Beba koti jepesi au kanga nzito tu. Kaskazi, Desemba hadi Machi, hutoka kaskazini mashariki na kupata njia ya kuingia ghubani. Joto linakuwa kali, mawimbi mafupi hugonga boti alasiri, na mara nyingi hupungua usiku. Masika ni ya kuahirisha, si ya kubahatisha. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri na tahadhari za upepo mkali na mawimbi makubwa. Mwandaaji mzuri huufuata na kukubadilishia tarehe bila kukukata hela. Sharti hilo liandikwe kwenye ujumbe kabla hujalipa.

Sasa mpangilio wa chombo, ambao wageni hawauoni na unaamua kila kitu. Chombo kikitia nanga, omo, yaani sehemu ya mbele, huelekea upepo. Bendi ikikaa omo, upepo unaleta muziki kwa wageni. Jiko la mkaa na jenereta vikikaa tezi, yaani sehemu ya nyuma, moshi na kelele vinaondoka nyuma. Ukigeuza mpango huo, jiko mbele na bendi nyuma, wageni wanakula moshi na muziki unakwenda zake Kawe. Kuna boti zinazofanya hivyo kila wiki kwa sababu tu meza ya bufee imewekwa karibu na mlango. Na chombo kikirudi kwa injini, upepo ukitoka nyuma, moshi wa tezi hufuata chombo na kuingia kwenye meza. Kwa hiyo kuchoma kumalizike wakati wa nanga.

Umeme wa bendi ni chanzo cha malalamiko mengi. Jenereta dogo la petroli linabeba kinanda, magitaa, maikrofoni na spika mbili bila shida. Mpishi akichomeka birika la umeme kwenye waya uleule, taa hufifia, kinanda hujizima na kuanza upya, na wimbo unakatikia katikati. Maji yachemshwe kwa gesi. Jenereta lisiwekwe kamwe ndani ya ngama, yaani sehemu ya chini ndani ya chombo, au chumba kilichofungwa. Moshi wake una sumu isiyo na harufu, inaua aliyelala. Besi nayo ina tabia yake: sakafu ya fibaglasi huvuma kama ngoma, glasi zinatetemeka, maneno ya mwimbaji yanapotea. Spika ikiwekwa juu ya kipande cha godoro au mpira mzito, sehemu kubwa ya mvumo huo inakwisha. Ni jambo la dakika mbili, na ni wachache wanaolifanya.

Jahazini umeme hauhitajiki. Udi, fidla na dumbaki vinatosha wageni ishirini, na taarab ya namna hiyo, bila spika, juu ya maji yaliyotulia, ndiyo sababu pekee ya kutosha kulichagua jahazi. Wachezaji wa ngoma wanahitaji nafasi ya kama mita nne kwa tatu, sitaha kavu na chombo kilichotia nanga. Mdundiko ni ngoma ya Wazaramo ya kutembea mtaani, watu wakiifuata nyuma. Ukiubana kati ya meza mbili unabaki na midundo tu. Afadhali ngoma ya kusimama mahali pamoja, au bendi ya zilipendwa inayojua kupunguza sauti watu wakila. Jua linapogusa upeo, bendi inyamaze dakika tano. Bendi zinazojua hivyo hupata makofi ya kweli baadaye.

Chakula. Bufee nyingi hupikwa nchi kavu saa tisa alasiri, hufungwa kwenye mahotipoti, na hupakuliwa saa moja na nusu usiku. Pilau hustahimili safari hiyo, na wakati mwingine hutoka tamu zaidi. Chips hulegea, ugali hushika ngozi kwa upepo, na mchuzi wa nazi ndio wa kuogopa: ukikaa vuguvugu saa nyingi huchacha, nawe huoni tofauti mpaka uonje. Chakula cha moto kibaki juu ya nyuzi 60. Vyombo vya bufee vyenye kimoto cha jeli chini yake huzimwa na upepo mara tu boti inapotoka kwenye kinga ya rasi, na mhudumu asiyekagua anaendelea kupakua chakula kilichopoa. Ukingo wa karatasi ya fedha kuzunguka kimoto unatosha kuzuia hilo. Ukifika kwenye meza, sogeza mkono karibu na chombo cha mchuzi. Kama hakina joto, nenda kwenye samaki.

Samaki ndiye wa kumlipia. Changu wa nusu kilo hivi, achanjwe mara tatu kila ubavu, apakwe limau, kitunguu saumu, tangawizi, chumvi na pilipili muda mfupi kabla ya kuchomwa, maana limau likikaa naye tangu mchana nyama huwa kama imepikwa tayari na hukauka motoni. Mkaa uwashwe gatini na uwe umeshika jivu jeupe kabla ya kuondoka. Mkaa mbichi ukipigwa na upepo hurusha cheche, na jahazini cheche na tanga havikai pamoja. Jiko likae kwenye sinia la mchanga. Dakika saba au nane kila upande, ngozi ikaze na kuanza kuachia wavu yenyewe, ndipo ageuzwe. Pweza achemshwe nchi kavu mpaka alainike, kisha aguse moto dakika tatu tu. Anayeletwa mbichi na kuchomwa hapohapo ni mpira. Kachumbari ichanganywe mezani, kwani chumvi huivuta maji. Vinywaji vipite haraka: dafu, ukwaju, tangawizi, na kahawa chungu na kashata wakati wa kurudi.

Usiende na njaa kabisa. Tumbo tupu na chombo kinachoyumba kwenye nanga ni mwanzo wa kichefuchefu. Kula kitu kikavu saa moja kabla, kaa katikati ya chombo na chini, karibu na mlingoti, na utazame mbali. Ghorofa ya juu huyumba zaidi ya ya chini, kwa hiyo mwenye tumbo jepesi asidanganywe na mandhari.

Usalama una hesabu moja inayokosewa mno. Boti yenye kibali cha watu 40 ikichukua wageni 40, bendi ya watu sita, wapishi na wahudumu watano na mabaharia watatu, imebeba watu 54. Kibali kinahesabu kila pumzi iliyomo. Nchi hii ilishazika watu wengi kwa sababu ya vyombo vilivyojazwa kupita kiasi. Kivuko cha MV Nyerere kilipinduka Septemba 2018 katika Ziwa Victoria, karibu kabisa na gati la Ukara. Kwa hiyo uliza uwezo wa chombo, uone cheti cha ukaguzi cha TASAC, yaani Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, na uhesabu majaketi okozi, ya watoto yakiwa ya saizi yao. Jaketi la mtu mzima humvuka mtoto kichwani akiingia majini. Chombo kiwe na taa nyekundu kushoto, ya kijani kulia, na nyeupe kinapotia nanga, kwa sababu mashua za wavuvi hupita ghubani usiku. Boti inayokwenda gizani ili taa za disko zipendeze, shuka kabla haijaondoka.

Jahazini, mwambie nahodha mapema kwamba mnataka tanga. Wengi hutumia mashine kwenda na kurudi kwa kuwa ni rahisi. Ila mabaharia wakishika henza, kamba ya kupandishia tanga, na foromali, mti unaobeba tanga, ikaanza kupanda mlingoti, kitambaa kikajaa na mashine ikazimwa, unasikia maji yakiteleza ubavuni, na hapo ndipo unapata ulichokilipia. Wakati wa kupindua tanga, waliokaa omo wahame, maana foromali hupita mbele ya mlingoti na ni gogo zito.

Bei iulizwe kwa shilingi. Kanuni za mwaka 2025 zinakataza kutaja au kulipwa bei za ndani kwa fedha za kigeni. Uliza kama imejumuisha vinywaji, kodi na usafiri wa kidau, lipa malipo ya awali kwa lipa namba yenye jina la kampuni badala ya namba ya mtu binafsi, na udai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Kwa sherehe ya kuzaliwa, mishumaa ya keki iwekwe ndani ya glasi, na krimu ibaki kwenye barafu mpaka mtie nanga.

Tarehe ichaguliwe kwa kalenda ya mwezi. Usiku wa mwezi 17, yaani siku mbili tatu baada ya mwezi mpevu, maji hujaa karibu na machweo, hivyo unapanda kwa urahisi, na unaporudi saa tatu na nusu yamefika katikati tu, ngazi bado inafikika. Usiku huohuo mwezi hautoki wakati wa machweo. Huchomoza kama saa mbili usiku au baadaye kidogo, mwekundu, nyuma ya rasi, sahani za samaki zikiwa ndiyo kwanza zinatolewa. Jumamosi ikiangukia hapo, weka nafasi wiki mbili kabla.