Kanda za Mzee Ojwang: huduma ya kuhamisha VHS mjini Malindi

Benson Wanjau, mchekeshaji wa kipindi cha televisheni cha Vitimbi ambaye Kenya nzima ilimjua kwa jina la Mzee Ojwang, alifariki Julai 2015 katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, akiwa na miaka 78. Ugonjwa uliotajwa ni nimonia. Mtaani watu walisema umri umemfika, na kauli zote mbili ni za kweli. Mwili wa mzee haukohoi kwa nguvu ya kutoa makohozi, kinga yake imelegea, na mate au chakula humponyoka kikaingia njia ya hewa. Maradhi ambayo kijana huyamaliza kwa dawa za wiki moja humwondoa mzee. Mara nyingi hata homa haipandi: anakataa chakula, anachanganya majina ya wanawe, analala mchana kutwa, na nyumba nzima inasema ni uzee tu. Mzee akibadilika hivyo ghafla apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Uzee hauji kwa usiku mmoja.

Alichotuachia ni uchekeshaji uliokaa kwenye sauti. Mkikuyu aliyezungumza Kiswahili kwa lafudhi ya Kijaluo, akivuta neno hadi Mama Kayai, mkewe katika kipindi, aishiwe subira. Toa sauti hiyo, utabaki na mzee aliyevaa koti. Kwa hivyo ukiwa na Vitimbi ulizorekodi kwenye deki enzi za KBC, huduma ya kuhamisha kanda za VHS ziwe faili za kompyuta ipime kwa sikio kabla ya jicho. Duka tunalolizungumzia hapa ni dogo, liko Malindi mjini, na upande wa sauti linafanya kazi nzuri kuliko linavyofanya upande wa picha.

Utepe wa VHS una upana wa milimita 12.7. Picha imeandikwa kwa mshazari katikati, lakini sauti ya deki za kawaida imelazwa kwenye mstari mwembamba ukingoni juu, na ukingo wa chini umebeba alama zinazoiongoza deki isipoteze mwendo. Kingo ndizo zinazokunjika na kuchanika kwanza. Ndiyo sababu kanda iliyochakaa huonyesha Ojwang akipanua mdomo vizuri kabisa huku sauti ikizama na kuibuka. Kanda iliyorekodiwa kwa mwendo wa LP, yaani nusu ya mwendo wa kawaida, ili kanda ya E-180 ya saa 3 ibebe saa 6, huwa na hali mbaya zaidi, kwani utepe ulipita polepole na sauti ikabanwa mahali padogo.

Fundi wa hapa anajua hilo. Kabla ya kunasa chochote anafungua kifuniko cha deki, anacheza dakika chache za maneno, kisha anagusa skrubu ya kichwa cha sauti kwa bisibisi nyembamba. Robo ya mzunguko, wakati mwingine chini ya hapo, na herufi za "s" zilizokuwa zimefunikwa zinachomoza. Kila deki iliyorekodi ilikuwa na mwinamo wake wa kichwa, kwa hivyo marekebisho haya hufanywa kwa kila kanda upya. Mafundi wengi hawajisumbui. Yeye anajisumbua, na kwa hilo pekee tungempelekea kanda.

Kuvu ndiyo adui mkubwa wa pwani yetu. Ichungulie kanda kwenye kidirisha chake: ukiona vumbi jeupe au mistari kama utando kwenye mviringo wa utepe, usiitie katika deki yoyote, hata "kuonja" tu. Kuvu huziba vichwa vya picha na kuhamia kanda inayofuata. Dukani wanafungua skrubu 5 za ganda, wanazungusha utepe kwa mkono taratibu kupitia kitambaa kisichoacha nyuzi, chenye alkoholi ya asilimia 99, wanauacha ukauke, kisha wanauweka katika ganda jingine safi. Spiriti ya duka la dawa ya asilimia 70 haifai, maana iliyobaki ni maji. Deki ya kanda zilizosafishwa kuvu ni tofauti na ya kanda zisizowahi kuwa nayo. Uliza uonyeshwe zote mbili.

Sasa kasoro. Ukiacha bila maelekezo, watakupa picha iliyovutwa ijaze televisheni pana, na Ojwang aliyekuwa mwembamba anakuwa mnene. Sema wazi: umbo la zamani la 4 kwa 3, ukanda mweusi pembeni ubaki. Pia wana mazoea ya kutupa nusu ya mistari ya picha ili faili iwe ndogo, na mwendo unakatika-katika hasa mtu anapotembea. PAL, mfumo wa picha wa televisheni zetu za zamani, ina picha 25 kwa sekunde, kila moja ikiwa na nusu mbili. Waambie wazigeuze nusu hizo kuwa fremu 50. Programu ya "kusafisha sauti" ikataliwe kabisa. Inaondoa mchakacho wa kanda, kweli, lakini inaondoka na pumzi ya mwigizaji, na kile kituo chake kabla ya kujibu kinageuka kuwa shimo.

Kosa linalorudisha wateja wengi kwa hasira ni flashi. Kanda ya saa 3 kwa megabiti 5 kwa sekunde inakaribia GB 7, na flashi iliyopangwa kwa FAT32, mpangilio wa zamani wa kuhifadhi faili, haipokei faili inayozidi GB 4. Matokeo yake kipindi hukatika katikati au faili haihamii. Omba flashi ipangwe kwa exFAT, mpangilio unaopokea faili kubwa, au faili ikatwe kipindi kwa kipindi. Ichezeni yote dukani, mwanzo, katikati na mwisho, kabla ya kulipa. Wanatoza kwa saa ya kanda, na kazi huenda kwa mwendo wa kanda yenyewe, kwa hivyo mwenye kanda kumi asitarajie kuzichukua jioni. Stima ikipotea, betri yao inaibeba kompyuta lakini deki inazima; kipande hicho lazima kirudiwe, nao hukirudia bila kubishana.

Wa Lamu mna kazi ya ziada. Kati ya kisiwani na Mokowe maji ya chumvi hurukia mizigo, kwa hivyo kila kanda iingie kwenye mfuko wake wa plastiki uliofungwa, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu. Kwenye basi zisimame wima kama vitabu, zisilazwe, na zisikae juu ya injini. Msizirudishe nyuma nyumbani kwa deki iliyokaa miaka bila kuwashwa; mpira wake umekauka na ndio unaotafuna utepe. Vunjeni kile kijino cha plastiki mgongoni mwa kanda ili mtu asirekodi juu yake kwa bahati mbaya.

Kazi ikiisha, dai ganda na utepe wako wa asili. Hapa wanarudisha bila kuulizwa, kila kanda na karatasi yenye muda wa sehemu zilizoharibika, jambo litakalomfaa fundi atakayekuja na deki bora kuliko hii.