Kizibo Gani Ununue kwa Bia na Mvinyo wa Nyumbani, na Kipi Kinarudiwa

Kabla hujatoa hela, jibu maswali mawili: kinywaji kitakuwa na gesi? Na kitakaa muda gani kabla ya kunywewa? Mvinyo wa rozela usio na gesi, utakaoisha ndani ya miezi mitatu, unavumilia karibu kizibo chochote kilicho safi. Bia haivumilii. Ikipata upenyo mwembamba kama unywele, gesi yote inakwenda, na oksijeni hupita hapohapo kuingia. Mpangilio ufuatao unaanza na kinachofaa watengenezaji wengi na kushuka hadi kinachofaa wachache.

1. Kizibo kipya cha bati na mashine ya kukikaza

Ni kilekile cha soda na bia, chenye meno 21. Hataza yake, yaani haki ya mvumbuzi, ilitolewa Marekani mwaka 1892, na hadi leo hakijapatikana kinachokizidi kwa bei na uhakika. Kipimo cha kuulizia ni milimita 26. Chupa za kahawia za mililita 500, zile za kurudisha kiwandani, huchukua kipimo hicho, na kioo chake ni kinene kwa kuwa kimeundwa kujazwa tena na tena. Epuka chupa zenye nyuzi shingoni, ambazo kizibo chake hufunguliwa kwa kuzungusha. Mdomo wake ni mwembamba na mashine ya nyumbani haiukazi sawasawa.

Mashine ziko za aina mbili. Ya mikono miwili ni nafuu, lakini hushika ule ukingo wa kioo ulio chini ya mdomo. Chupa isiyo na ukingo mzuri huteleza, au shingo hupasuka. Ya mezani hubonyeza kutoka juu kwa mpini mmoja, haijali ukingo, na hurekebishwa kufuata urefu wa chupa. Kama utafunga zaidi ya chupa 40 kwa mkupuo, ongeza hela uchukue ya mezani. Panga chupa zenye urefu mmoja pamoja, la sivyo utakuwa unairekebisha kila dakika.

Kizibo kilichokazwa vizuri kina upana wa takriban milimita 28.7 chini kwenye meno. Huna kifaa cha kupimia? Jaribu kukizungusha kwa vidole. Kikizunguka, mashine haijafika mwisho. Baada ya wiki, laza chupa mojamoja kwenye beseni la maji. Mapovu shingoni ni gesi inayovuja.

Vipi kuhusu kurudia vizibo hivi? Usirudie. Wapo wanaofungua kwa kuweka sarafu juu ili bati lisipinde, na kweli linapinda kidogo tu. Tatizo liko ndani: ile plastiki laini imeshakandamizwa ikabaki na alama ya mdomo wa chupa ya kwanza, na mdomo wa pili haukai penye alama ileile. Matokeo yake ni kreti ambayo nusu ina gesi na nusu imezimika, nawe unalaumu hamira. Pia bati lililokwaruzwa na kifungulio hushika kutu. Kizibo kipya ndicho kitu cha bei ndogo kuliko vyote katika kazi hii. Kwa lita 20 nunua 50, vichache vikiwa vya kujaribia mashine.

Vitakase kwa kuviloweka katika dawa ya kutakasia vyombo vya pombe kwa muda ulioandikwa kwenye pakiti. Usivichemshe kwa muda mrefu, na usitumie Jik: klorini hula bati na huacha ladha ya dawa ya hospitali kwenye bia.

2. Chupa ya kizibo cha waya na mpira

Hii ndiyo iliyoundwa kurudiwa. Waya na kichwa cha kauri au plastiki hudumu miaka. Unachonunua ni mpira tu. Ukunje kwa vidole: ukionyesha nyufa, ukiwa mgumu, au ukibaki na harufu ya kinywaji cha awamu iliyopita, badilisha. Kila baada ya kutumia uvue mpira na uoshe chini yake, maana ukungu hujificha hapo.

Tahadhari ni moja, lakini nzito. Maduka ya vyombo huuza chupa nzuri za umbo hili kwa ajili ya juisi na mafuta ya kupikia. Nyingi ni za kioo chembamba, na nyingine ni za mraba. Kamwe usitie gesi kwenye chupa ya mraba; shinikizo hukusanyika kwenye pembe na chupa hulipuka. Chukua zilizokuwa za bia.

3. Chupa ya plastiki ya soda

Ya soda, si ya maji. Ya maji ni nyembamba na haikuundwa kubeba gesi. Hizi hazina gharama na kifuniko chake kinarudiwa mara kadhaa mradi ndani hakina mikwaruzo na nyuzi hazijalika. Anayeanza anafaidika kwa jambo moja: ukiibonyeza chupa unajua gesi imefikia wapi bila kuifungua. Kasoro yake ni kwamba plastiki hupitisha oksijeni polepole, hivyo kunywa bia ndani ya miezi miwili. Harufu ya tangawizi au chungwa haitoki. Usipoteze muda kuisugua.

Kwa aina hizi tatu, sukari ya mezani gramu 7 kwa lita inatosha kuleta gesi ndani ya chupa, yaani gramu 140 kwa lita 20. Ifanye shira, changanya, acha sentimita 3 juu ya bia. Usifunge kabla haidromita, kile kipimo cha kuelea kinachoonyesha sukari iliyobaki, haijasoma namba ileile kwa siku tatu mfululizo. Wanaoharakisha ndio wanaookota vioo.

4. Chupa ya mvinyo ya kifuniko cha nyuzi

Kwa mvinyo usio na gesi tu, na wa miezi michache. Kifuniko kirudi kwenye chupa ya aina yake, kwa kuwa nyuzi hutofautiana. Mvinyo wa nanasi au rozela uliotiwa sukari mwishoni unaweza kuanza kuchacha upya ndani ya chupa, na kifuniko hiki hakiachii kwa usalama. Uzuie kwanza usichache tena kwa kutia dawa mbili za kuhifadhi mvinyo: potasiamu sobati gramu 0.25 na metabisalfaiti gramu 0.1 kwa lita.

5. Koki

Ni kizibo cha gome la mti, ambalo kwa wingi hutoka Ureno. Inafaa tu kwa mvinyo wa kuweka zaidi ya mwaka. Nunua namba 9, ya upana wa milimita 24. Inaingia kwenye tundu la takriban 18.5, kwa hiyo nyundo haitasaidia, unahitaji mashine ya kuibana. Usiichemshe, itamomonyoka. Simamisha chupa siku tatu, kisha ilaze. Koki iliyotobolewa na kizibuo isirudiwe hata kidogo.

6. Kizibo cha plastiki cha shampeni

Chupa za shampeni huokotwa kwa wingi baada ya harusi na ndizo imara kuliko zote. Nyingi za Ulaya zina mdomo wa milimita 29, kwa hiyo kikombe cha mashine ya 26 hakizifungi. Hapo tumia kizibo cha plastiki cha kugonga kwa nyundo ya mpira, na uchague kisicho na mstari wa muungano ubavuni kwa sababu gesi hupita hapo. Kizibo kinaweza kurudiwa. Waya wa kukishikia uwe mpya kila mara, na kitanzi chake kikunjwe nusu mzunguko mara sita.