Boti ya kutazama nyangumi Kizimkazi Mkunguni, Unguja: nahodha anayejua kusimama

Naipa nyota nne. Ya tano nimeizuia kwa ajili ya jaketi za kuokolea: mbili zilikuwa na vifungo vilivyokatika, na ya saizi ya mtoto haikuwemo hata moja. Nimefanya ubaharia kwenye meli za mizigo kwa sehemu kubwa ya umri wangu, na chombo nakikagua kabla sijakipanda.

Mengine yote yalikuwa mazuri. Boti ni ya faiba, mashine moja iliyotunzwa, kivuli cha turubai. Bei ya mwenyeji ilikuwa shilingi 50,000 kila mtu, chai ya tangawizi na chapati ndani yake. Tuliondoka asubuhi mapema, kabla kusi halijapanda.

Lakini ninayemsifu hasa ni nahodha. Tulipoona pumzi ya nyangumi ikiruka juu, alipunguza mwendo papo hapo, na tulipobakisha kama mita mia akazima mashine kabisa. Alikuwa mama na ndama wake. Kijana mmoja akaomba tusogee apate picha. Nahodha akamjibu kwa upole, “Hapa ndio mwisho wetu, ndugu yangu. Wao wakitaka, watakuja wenyewe.” Wakaja kweli, wakapita ubavuni mwetu taratibu. Kisha boti nyengine ikaingia kwa kasi mbele yao, abiria wameshavaa miwani ya kuzamia, na mama akamchukua mwanawe wakazama. Iliniuma sana.

Iliniuma kwa sababu mama yule hana chakula huku. Nyangumi wa nundu wanakuja bahari yetu kuzaa na kunyonyesha, zaidi baina ya Julai na Oktoba. Malisho yao yako maji ya barafu ya Antaktika, kusini kabisa ya dunia, wanakokula krili, vidude vya jamii ya kamba, vifupi kuliko kidole. Mafuta aliyoyajaza kule ndiyo anayoishi nayo hapa, na ndiyo yanayogeuka maziwa. Kila akikimbizwa, anaunguza akiba ya mtoto.

Na kule nako meli zimejaa. Msimu wa 2022/23 watalii zaidi ya laki moja walikwenda Antaktika, karibu wote kwa meli, katika miezi ileile ambayo nyangumi wanakula. Aktiki, kaskazini ya dunia, barafu inapungua na meli zinazoingia ziliongezeka kwa takriban asilimia 37 kati ya 2013 na 2023. Huko wanaishi narwali na beluga, nyangumi wa baridi wanaotegemea kusikia. Mama na ndama wa nundu nao huitana kwa sauti ndogo mno. Kelele ya rafadha, panga linalosukuma meli, kwao ni kama kunong'onezana mlangoni mwa mashine ya kusaga nafaka.

Sheria zipo. Tangu tarehe 1 Januari 2017, kanuni za Shirika la Kimataifa la Bahari kwa maji ya ncha za dunia zinamtaka nahodha, anapopanga safari, azingatie mahali wanapokusanyika wanyama wa baharini. Mafuta mazito ya meli yalipigwa marufuku Antaktika mwaka 2011. Aktiki marufuku ilianza Julai 2024 tu, na baadhi ya meli zinaweza kusamehewa hadi 2029. Muda huo ni mrefu mno kwa maoni yangu. Kampuni nyingi za utalii wa Antaktika zimekubaliana mwendo usizidi noti 10 (kama kilomita 18 kwa saa) katika baadhi ya maeneo ya nyangumi, na hilo naliunga mkono kwa moyo wote. Nimeshika zamu kwenye daraja, pale meli inapoongozwa, meli ikiwa imepakia: hata ukimwona mnyama mbele yako, chombo hakisimami. Ukichelewa kupunguza mwendo, huna tena la kufanya.

Kijana anayetembeza wageni alituambia nyangumi hawa “wanatoka Sauzi”. Wanapita huko, lakini safari yao inaanzia mbali zaidi, kwenye barafu. Nilimweleza, akasikiliza vizuri. Ningependa wageni waambiwe haya kabla boti haijaondoka.

Ukifika Mkunguni papasi, wale vijana wanaowatafutia wageni boti, watakuzunguka. Kabla hujatoa pesa, muulize nahodha atazima mashine umbali gani. Akikuahidi kuwafikia mpaka uwaguse, tafuta boti nyengine.