Presha ya macho: leza ya SLT au kichupa cha timolol?

Anayeambiwa kliniki kwamba ana glakoma, yaani presha ya macho, mara nyingi hutoka na kichupa cha timolol ya asilimia 0.5 na maelekezo ya kudondosha asubuhi na jioni, maisha yake yote. Tunailinganisha hapa dawa hiyo na huduma ya leza iitwayo SLT (kifupi cha Kiingereza, selective laser trabeculoplasty), kwa kigezo kimoja tu: ipi inaokoa neva ya jicho. Kwa mgonjwa anayefaa kupigwa leza, chaguo letu ni leza.

Kinachookolewa ni nyuzi zipatazo milioni moja, zinazotoka kwenye seli za retina na kupenya nyuma ya jicho kupitia utando wenye matundu kama chekecheke, kuelekea ubongoni. Presha ikizidi, nyuzi hubanwa pale pale kwenye matundu, na seli ikishakufa haioti tena. Mtoto wa jicho hufanyiwa upasuaji mtu akaona upya. Kwa glakoma, kilichopotea kimepotea. Tena huanzia pembeni, bila maumivu, hivyo mgonjwa hugonga bega mlangoni muda mrefu kabla ya kushtuka. Njia iliyothibitishwa ya kulinda neva hizo ni kushusha presha. Memantini, dawa ya ugonjwa wa kusahau, ilijaribiwa kulinda seli zenyewe moja kwa moja na haikufua dafu. Vidonge vya lishe vinavyouzwa kwa ahadi ya kurudisha nuru ya macho visile hela ya matibabu.

Timolol inafanya kazi. Hupunguza maji yanayotengenezwa ndani ya jicho, na kwa anayeitumia sawasawa presha hushuka kwa robo hivi. Tatizo ni huko kutumia sawasawa. Kichupa cha mililita 5 hutoa matone 100 hadi 150. Macho mawili, mara mbili kwa siku, ni matone manne, kwa hiyo kinamaliza mwezi kwa shida. Wengi hudondosha mawili au matatu kwa mpigo ili dawa "iingie vizuri", ilhali jicho halibebi hata tone moja zima. Ziada huishia shavuni, kichupa hukauka wiki ya pili au ya tatu, na siku zinazobaki neva haina kinga.

Nawa mikono, inua uso, vuta kope ya chini ifanye kifuko, dondosha tone moja bila ncha ya kichupa kugusa kope. Fumba jicho taratibu, kisha bonyeza kwa kidole kona iliyo upande wa pua kwa dakika mbili. Usiruke hatua hiyo ya mwisho, kwa sababu ndiyo inayoziba mfereji unaopeleka dawa puani, na kutoka puani hadi kwenye damu. Mwenye pumu asipewe timolol kabisa, wala mwenye mapigo ya moyo ya polepole: tone la jichoni linaweza kubana kifua. Kama kuna dawa ya pili, subiri dakika 5. Kichupa kilichofunguliwa kitupwe baada ya wiki nne.

Leza ya SLT hupiga mwanga wa kijani, nanomita 532, kwenye chujio lililoko kwenye kona iliyo ndani ya jicho (si ile ya upande wa pua), pale maji ya jicho yanapotoka nje. Kila pigo hudumu nanosekunde 3, na hunaswa na seli zenye rangi tu. Zilizo jirani hazichomwi. Mgonjwa huwekewa tone la ganzi na tone la kuzuia presha isiruke, huegemeza kidevu kwenye mashine, daktari huweka lenzi yenye kioo juu ya jicho, kisha ni milio midogo mara 100 hivi hadi kona yote izungukwe. Dakika chache tu. Daktari hutazama viputo vidogo sana kama vya soda vinavyoinuka pigo linapotua. Vikitoka kila pigo, nishati imezidi, apunguze. Kwa macho yetu Waafrika hili lina uzito, kwani kona yenye rangi nyingi hunasa nishati nyingi. Daktari makini huanza milijuli 0.4 hivi, si 0.8. Usiondoke kabla presha haijapimwa tena baada ya saa moja.

Ushahidi tunaouegemea umetoka Moshi, hospitali ya KCMC, na ulichapishwa mwaka 2021. Wagonjwa 201 waligawanywa kwa kura kati ya timolol na SLT. Baada ya mwaka, leza ilifanikiwa kushusha presha hadi kiwango kilicholengwa kwa asilimia 61 ya macho, matone kwa asilimia 31. Baadhi ya macho yaliyofanikiwa kwa leza yalipigwa mara ya pili.

Asilimia 61 si mia, na hapo ndipo watu hujikwaa: wanaambiwa leza imepigwa, wanadhani wamepona, wanapotea kliniki. Matokeo kamili huja baada ya wiki nne hadi nane, na nguvu yake hupungua kadiri miaka inavyokwenda. Uliyekuwa unatumia matone usiyaache hadi daktari aseme. Kona ikiwa imefunga, au jicho likiwa na uvimbe wa ndani, SLT haifai. Neva iliyokwisha kuharibika sana huenda ikahitaji upasuaji.

Kingine, "tuna leza" si jibu la kutosha. Ipo leza ya kusafisha utando baada ya upasuaji wa mtoto wa jicho, na ipo ya retina kwa wenye kisukari. Taja SLT kwa jina. Na matone ya dukani yenye deksamethasoni, yanayonunuliwa kwa macho kuwasha, huweza kupandisha presha hiyo hiyo unayoishusha. Mwoneshe daktari kila kichupa ulicho nacho nyumbani, aulizwe pia kama kona yako iko wazi na presha yako lengwa ni ngapi, aiandike kwenye kadi.