Kobe, chatu na watoto: kipindi cha watambaazi Malindi

Kipindi hiki cha watoto kwenye bustani moja ya nyoka Malindi kinafaa sana, hasa upande wa kobe. Mtoto huketi chini na kuhesabu vigae vya gamba: 5 katikati, 4 kila ubavu. Kobe habebwi juu. Akishtuka hukojoa, na maji hayo ndiyo akiba yake ya kiangazi. Chatu hushikwa kwa mikono miwili, na akishakula haguswi kwa saa 48, la sivyo hutapika. Macho yakiingia ukungu, anakaribia kujivua ngozi: aachwe. Kasoro ni moja, nayo nzito: mfereji wa kunawia mikono uko mbali. Watambaazi hubeba salmonela, bakteria wa kuharisha. Maji na sabuni viwe papo hapo, na walio chini ya miaka 5 watazame tu.